Ndege ya Babu Kalisti na Jina la Adolfu

Mazwi,
Sumbawanga.
8 Desemba 1996

Mpendwa mdogo wangu Leonidas,

Shikamoo yako ya mwezi wa tisa niliipokea, marahaba sana, na uniwie radhi kwamba imekaa miezi mitatu bila jibu. Mnaendeleaje huko Nairobi? Rhoda mgongo umepoa? Na mwanetu Sharon, uliyesema kikohozi kinamsumbua kila baridi ikiingia, sasa anaendaje? Nawaombea wote. Sisi huku miili ni mizima, isipokuwa Baba. Habari zake ni ndefu na nitazifikia, usiruke mistari kuzitafuta.

Mvua zilianza vizuri, wiki ya pili ya Novemba. Mahindi tumeshapanda, ulezi bado. Barabara ya kwenda Laela imeharibika vibaya, lakini malori ya wanunuzi wa nafaka hayakomi, maana siku hizi kila mwenye lori ni mnunuzi. Kaka Isdori ile gesti yake ya Majengo ameimalizia, ameezeka bati jipya na ukutani amechorewa ndege kubwa ya bluu, na ndani ya ndege amechorwa Babu Kalisti amevaa miwani ya rubani. Imeandikwa Gesti ya Ndege. Wageni wanapiga picha pale.

Leonidas, ni juu ya ndege hiyo ninayokuandikia. Nimeanza barua hii mara nne nikaichana, kwa sababu najua kwa nini ulichagua kazi ya kutengeneza ndege. Ulikuwa umekaa na mimi jikoni siku uliponiambia kwamba kama babu yetu alirusha ndege kwa mianzi na injini ya pikipiki, wewe uliyesoma huwezi kushindwa. Sasa nakuomba ukae chini na usome mpaka mwisho.

Mwezi wa sita alikuja bwana mmoja kutoka Dar es Salaam, anaitwa Shedrack, mtu mpole, mwenye mkoba uliojaa karatasi. Anaandika kitabu juu ya watu wa zamani waliounda ndege zao wenyewe na majina yao yakapotea. Alikuwa amesoma habari za Babu katika gazeti moja, haya magazeti ya watu binafsi yaliyofumuka miaka hii. Isdori alimkaribisha kama mfalme. Mimi nilifurahi kuliko wote, maana unajua habari hiyo nimeifundisha darasa la tano kwa miaka ishirini.

Shedrack alituambia jambo moja ambalo Isdori hakulipenda. Alisema katika kazi yake amekutana na ndege nyingi ambazo hazikuwahi kuwepo, na kwamba habari ikirudiwa na watu kumi haiwi kweli mara kumi, mpaka ujue hao kumi waliisikia wapi. Akatoa lile gazeti. Ile picha iliyoandikwa chini yake jina la Babu, akasema, ni ya ndege ya nchi nyingine kabisa, imekatwa kwenye jarida. Basi akaniomba mimi, kwa kuwa ni mwalimu, nimsaidie kutafuta ushahidi.

Nilianza kwa majivuno. Nilikuwa na gazeti, na nilikuwa na kile kijitabu cha historia ya wilaya kinachosema kwamba Babu aliruka dakika ishirini mpaka ukingoni mwa Ziwa Rukwa. Nikasema, mashahidi wawili hao. Nikamwandikia mwenye kijitabu kumuuliza alipata wapi. Akajibu kwa upole kwamba alinakili kwenye gazeti. Nikamtafuta mwandishi wa gazeti, akasema aliambiwa na Isdori. Nikamuuliza Isdori.

Isdori akanitazama akacheka. Akasema, "Si wewe mwenyewe, Coleta? Si ile insha yako ya chuo cha ualimu?"

Nilikwenda kuitoa sandukuni. Ni kweli, niliiandika mwaka sabini na tatu, ilinipatia zawadi ya kamusi. Na zile dakika ishirini, Leonidas, hakuna mtu aliyeniambia. Nilizitunga. Nakumbuka hata nilivyokaa, nikafikiri kumi ni chache na thelathini ni nyingi. Na injini ya pikipiki niliiweka kwa sababu niliona ndege bila injini haitasadikika. Vyote ulivyobeba kifuani mpaka Nairobi, nusu yake ilitoka kwenye kalamu yangu.

Nilidhani hilo ndilo litakuwa baya kuliko yote. Nikasema basi nitafute kiini chake, kitakachobaki baada ya kuondoa maneno yangu. Maana wazee watatu waliniambia, kila mmoja kwa wakati wake, kwamba walimwona Babu akipanda kutoka bondeni kwa miguu, amechoka, baada ya kupotea siku nne. Hilo halikuwamo kwenye insha yangu. Nikaona hapa pana ukweli: aliruka, akatua kule chini, akarudi kwa miguu.

Nikaenda misheni ya Kapemba, ambako Babu alikuwa fundi seremala chini ya yule Bruda Mholanzi, mtawa wa pale. Padre Kornel, paroko wa sasa, alinitolea vitabu vya zamani. Tulikaa siku mbili mezani kwake tunafunua, yeye ananitafsiria Kilatini. Habari za ndege hazikuwepo popote. Siku ya pili, kwa kuwa hatukuwa na kitu kingine cha kufungua, tukafungua kitabu cha wafu.

Padre alisoma kimya, kisha akanisomea polepole kwa Kiswahili. Tisa Oktoba, mwaka elfu moja mia tisa thelathini na saba. Adolfu, fundi msaidizi, miaka ishirini na moja. Ameanguka kutoka genge la mlima na mashine ya Kalisti. Amezikwa bondeni.

Mimi sikuwahi kulisikia jina la Adolfu. Wewe je? Katika habari zote tulizosimuliwa tukiota moto, uliwahi kulisikia hata mara moja?

Nilirudi nikamkuta Baba amekaa kitandani anakunywa chai. Wakati huo alikuwa bado anakula. Nikamuuliza, Baba, Adolfu ni nani? Aliweka kikombe chini. Hakuniuliza nimelitoa wapi jina. Akageukia ukutani, na kwa wiki tatu hakunijibu neno lingine isipokuwa maji, blanketi, mwite Isdori.

Katekista wa Kapemba alilitambua jina la baba wa marehemu, lililoandikwa pembeni kitabuni. Akasema watu wa nyumba ile walihamia Laela zamani, na amebaki mmoja tu, Bibi Fransiska, mjane, anakaa nyuma ya kituo cha mabasi na kuuza maharage. Nikapanda basi. Nilijiandaa njiani namna ya kumpa pole mtu kwa msiba wa miaka hamsini na tisa.

Sikupata nafasi ya kumpa pole. Nilipomtajia kaka yake, bibi yule mwenye miaka sabini na miwili aliacha kupepeta maharage, uso ukamchangamka kama wa msichana. Akaniuliza, "Ameonekana?"

Nikamuuliza mara ya mwisho alimwona lini. Akaenda ndani akaniletea kigoda. Akanisimulia yeye. Kwamba Adolfu alikwenda machimbo ya dhahabu ya Lupa mwaka ule wa thelathini na saba bila kuaga, na kwamba siku chache baadaye salamu zilifika kwamba ni mzima, amepata kazi, mama asilie. Mama yao alimngoja mpaka alipokufa mwaka sitini na mbili, na alikataa nyumba ihamishwe kutoka Kapemba wakati yeye yu hai, asije Adolfu akarudi akakosa mlango. Bibi Fransiska mwenyewe aliwahi kwenda Chunya, kwenye machimbo hayo, kuuliza nyumba kwa nyumba. Aliniambia hayo bila kulia, kama mtu anayetoa maelezo ofisini ili asaidiwe vizuri.

Nikamuuliza nani aliyeleta zile salamu.

Akasema, "Wilibrodi wa Kalisti. Kijana mzuri sana. Mama alimchinjia kuku."

Huyo ni Baba, Leonidas. Ni baba yako mkubwa aliyekulea.

Sikumwambia siku ile. Nilikunywa maji yake, nikaaga, nikapanda lori la mahindi nikarudi mjini. Nilimwendea Isdori kwanza, kwa kuwa ni mkubwa wetu. Nilidhani tutalia pamoja. Alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni pa gesti, anawaangalia mafundi rangi.

Akasema, "Mtu aliyekufa miaka sitini iliyopita anaweza kungoja, Coleta. Sisi ndio hatuwezi."

Kisha akanikataza nisimwambie Shedrack. Alisema nikisema, watoto wetu wataitwa wajukuu wa muuaji, na hata wewe huko Nairobi utakosa pa kuficha uso. Nilimjibu kwamba hakuna aliyesema Babu aliua. Akasema watu hawatasubiri kusema.

Nilirudi kwa Baba. Safari hii sikuuliza. Nilimsimulia tu: bibi anavyopepeta maharage, alivyoniuliza kama kaka yake ameonekana, mlango wa Kapemba. Nilipofika kwenye kuku, Baba akaniambia nimlete bibi.

Padre Kornel alimfuata kwa gari la parokia, na njiani akamweleza kwamba kaka yake alifariki siku ile ile aliyopotea. Namshukuru kwa kunibebea hilo, maana mimi nisingeweza. Bibi Fransiska alipoingia chumbani kwa Baba alikuwa ameshajua. Alikataa kiti. Alisimama kwenye miguu ya kitanda, ameshika mtandio wake kwa mikono miwili.

Baba alieleza, kwa sauti ambayo ilibidi tuinamie. Injini haikuwepo. Babu na Bruda waliunda mbawa za mianzi na kitambaa cha marekani kilichopakwa uji ukakauka, zikafungwa kwa waya. Mtu alijining'iniza katikati kwa makwapa. Kwa muda wa mwaka mmoja waliijaribu kwa magunia ya mchanga. Adolfu alichaguliwa kwa sababu alikuwa mwepesi kuliko wote, na kwa sababu aliomba. Walikwenda gengeni asubuhi, upepo ulipokuwa unapanda kutoka bondeni. Walikuwa wanne: Bruda, Babu, Baba na Adolfu. Ubawa mmoja ukakatika. Walishuka wakamkuta ameshakata roho. Bruda alisoma sala, wakamzika palepale, wakaiteketeza mashine. Bruda aliogopa wakubwa wake na serikali, akaja kuliandika jina kitabuni baadaye kwa siri; Babu alimwogopa mama wa Adolfu. Basi Babu akaendelea kushuka mpaka njia ya watu wa Lupa, akakaa huko ili aonekane akirudi kutoka upande huo, kana kwamba ameonana na Adolfu, na aliporudi akamtuma Baba na salamu.

Hizo ndizo siku nne, Leonidas. Wazee wale watatu hawakunidanganya. Walimwona kweli akipanda.

Kisha Baba akamtazama bibi, akasema, "Aliruka, Fransiska. Niliona kwa macho yangu. Nilihesabu mpaka thelathini."

Bibi Fransiska alijifunga mtandio. Akasema, "Na salamu zake pia ulizisikia kwa masikio yako." Akatoka nje.

Tangu siku ile Baba hali. Anakunywa maji na uji kijiko kimoja viwili ili nisimsumbue. Daktari amesema hakuna ugonjwa mpya anaouona. Jumapili nilipokuwa nambadilisha shuka alinishika mkono nikadhani anataka kunibariki, akaniambia, "Umenizika kabla sijafa." Hajasema neno lingine nami. Nikimsomea sala anaziba sikio. Mimi ndiye ninayemwogesha, na ananiangalia kama mtu asiyenijua.

Alikuwa ametuelekeza pahali: chini ya genge, kabla ya kijito, mawe matatu. Padre alitushusha bondeni mimi na bibi. Siku hizi kule kuna wafugaji waliotoka Usukuma na ng'ombe wao, na pahali penyewe ni shamba. Tulimkuta mwenyewe, Mzee Luhende, analima kwa ng'ombe. Tulipomwambia tunachotafuta alizuia jembe, akavua kofia. Alisema mawe matatu aliyakuta kweli alipofyeka mwaka wa themanini na nane, akayatoa ili jembe lipite, hakujua. Yako ukingoni, mengine yamesagwa. Alitembea huku na huko mtaroni akijaribu kukumbuka, akaweka fimbo yake, akaing'oa, akaiweka tena mbali kidogo. Mwisho akasema hawezi kuapa, ila ni kati ya hapa na pale, na kwamba kipande chote hicho hatakilima tena. Akawafungua ng'ombe wake papo hapo akawapeleka malishoni.

Bibi Fransiska aliketi kwenye udongo uliolimwa. Nikaketi karibu naye. Nikaanza kusema nisamehe, yeye akaninyamazisha kwa kiganja. Aliangalia juu, kule gengeni.

"Baba yako anasema aliruka," akaniambia. "Mimi kinachotoka kinywani mwake siwezi kukiamini tena, hata kikiwa kizuri. Hicho kizuri ndicho kinachonitisha. Wewe ni mwalimu. Nitafutie. Aliruka kwanza, au alianguka tu?"

Nilimwambia nitajaribu. Akasema, "Na kama alianguka tu, uje uniambie alianguka tu. Usinipikie."

Mdogo wangu, sina mtu mwingine. Shedrack nimeshamwandikia. Nimemwambia afute dakika ishirini, afute injini, afute ziwa, na nikamwambia kwamba hayo yalitoka kwangu. Nimemtajia Adolfu. Isdori alipojua alimpigia simu akamwambia nina ugonjwa wa akili tangu nifiwe na mume wangu, na sasa Shedrack ameniandikia kwa adabu anauliza amsadiki nani kati yetu. Kitabu kinakwenda kiwandani kuchapwa katikati ya Januari. Isdori amewakataza watu wa nyumbani wasije kwangu. Jumamosi nimekwenda sokoni, mke wake ameniona akavuka barabara. Shuleni watoto wananiuliza kama hadithi ya ndege itakuwa kwenye mtihani. Siku nyingine natamani nisingekifungua kile kitabu cha wafu, nasema hivyo kwako tu, na nikishasema namkumbuka bibi wa watu akiuliza nyumba kwa nyumba Chunya.

Lakini yote hayo nitayabeba. Swali la bibi ndilo siliwezi, na wewe unaliweza, kwa kuwa hiyo ni kazi yako. Nimekusanya nilichoweza, na nimekitenga kwa kadiri ninavyokiamini.

Nilichopima mwenyewe ni hiki. Nilisimama juu ya genge pale Baba aliposema, nikadondosha jiwe, nikahesabu kwa saa ya mkononi. Lilifika chini kwa sekunde nne, mara tatu nilizojaribu. Kutoka mguuni mwa genge mpaka kipande cha Mzee Luhende nilitembea hatua mia nne na kumi, hatua zangu mimi unazijua, si ndefu. Ardhi pale inateremka kidogo.

Alichosema Baba, na hakuna mwingine wa kukithibitisha: mbawa zilikuwa hatua kumi toka ncha hadi ncha, upana wake kimo cha mtu mzima, na watu wawili waliibeba bila shida. Upepo ulikuwa wa kupeperusha kofia. Na huku kuhesabu thelathini.

Nisichokijua ndicho kinachonitesa. Nilimuuliza Baba kama walimzika pale pale alipoangukia, au walimbeba mpaka kwenye udongo laini. Alisema, "Tulimbeba kidogo." Hakusema kidogo ni kiasi gani, na ndilo neno la mwisho alilonijibu kuhusu jambo hili. Kama walimbeba hatua ishirini, basi nafikiri aliruka. Kama walimbeba mia nne, basi alidondoka kama jiwe langu. Lakini nafikiri hivyo kwa sababu nataka iwe hivyo, na nimeshaona kalamu yangu inavyofanya nikitaka kitu.

Kwa hiyo piga hesabu zako, Leonidas, kama unavyozipiga kwa ndege za watu wanaokwenda kupanda. Niambie kitu kama kile, na mtu mwembamba wa miaka ishirini na moja chini yake, kingeweza kufika wapi. Usinihurumie. Usimhurumie Babu. Ukiona haiwezekani kujua, andika kwamba haiwezekani kujua, nami nitakwenda Laela nimsomee bibi barua yako jinsi ilivyo.

Na kama unaweza, njoo kabla ya Noeli. Wewe Baba hajakukasirikia. Huenda kwako akasema walimbeba kiasi gani. Usichelewe, mikono yake imekuwa baridi.

Msalimie sana wifi yangu Rhoda, umwambie kitenge alichonitumia ndicho nilichovaa kwenda Kapemba. Mbusu Sharon. Padre Kornel anakusalimu. Dada yetu Albina pia anakusalimu, yeye hupita kwangu kwa mlango wa jikoni Isdori asimwone. Bibi Fransiska hakujui, lakini nilipomwambia nina mdogo wangu anayetengeneza ndege, alisema nikuandikie kwamba anakusalimu na anakuombea mikono yako isikose.

Mungu awatunze wote watatu, na akufikishe kwetu salama.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata kama utakasirika,

Coleta